Gari Nililolinunua Injini Ikiwa Moto

Gihundwe, Jumatano

Issa, ndugu yangu,

Leo nimemwambia mkeo. Haki ilikuwa nianze na wewe, lakini yeye yuko ng'ambo ya njia, na wewe sikujua nibishe wapi.

Naandika nikiwa nimeketi kitandani, mito mitatu mgongoni, kwa sababu nikilala chali maji yananipanda kifuani. Moyo umechoka. Daktari alinieleza kwa Kifaransa, polepole, kwa heshima ya mvi zangu, nami nikamshukuru kwa Kifaransa hicho hicho kama mtu aliyepewa cheti. Nguvu za kuandika barua mbili sina. Ni hii tu.

Nataka usikie habari za kifo chako kutoka kwangu. Zile zinazosimuliwa hapa Gihundwe na kule Bugarama si za kweli, na aliyezitunga ni mimi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiteseka na safari. Nilikuwa nimerudi nchi ya wazazi wangu kutoka Bukavu, kule ng'ambo ya mpaka, mji nilikozaliwa na kuotea mvi, baada ya mauaji. Walimu walikuwa wamebaki wachache, wakitafutwa kwa tochi. Nikapewa fizikia kwenye shule ya huko chini Bugarama, ilhali nyumba niliyoipata ilikuwa huku juu. Wewe ulikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mtoto wa bondeni uliyeoa Gihundwe, na mke akakataa katakata kushuka kwenye joto lenu. Kila asubuhi tulikutana barabarani, mwalimu na fundi, tukingoja gari lolote. Siku nyingine lilikuja jua likiwa juu. Siku nyingine dereva alisikia uvumi wa risasi, akarudi kulala.

Tukapatana: mimi ninunue gari, wewe ulitunze, tusafiri pamoja. Tena liwe la mazutu, kwa kuwa dizeli ndiyo ingevumilia ile miteremko kila siku bila kutumaliza. Ukanifundisha namna ya kununua. Maneno yako ninayo kama sala.

"Prof, gari ya mazutu banaiangaliaka asubui, ikingali baridi. Ni kama kuposa: uende mapema, umukute binti hajanawa uso. Utie mukono ku moteri. Ukiikuta ya moto, aga, rudia kwako. Muntu aliyeipasha moto iko na kitu anaficha."

Tulipanga Jumamosi alfajiri twende wote Kamembe, kwa yule mfanyabiashara aliyekuwa akivusha magari makuukuu kutoka ng'ambo. Ijumaa mchana, ukiwa msikitini, nilipita kwake peke yangu. Kuangalia tu, nilijiambia.

Lilikuwa jeupe, la Kijapani, limechubuka milango, viti vimevalishwa kitambaa cha maua kama sebule ya mtu. Injini ilikuwa tayari inanguruma. "Mzee, sikiliza hiyo sauti! Paka aliyeshiba," akaniambia yule mfanyabiashara. "Kuna muntu atakuja kuibeba jioni hii. Lakini miye roho yangu inataka ibaki na muntu wa masomo."

Muntu wa masomo. Issa, ni kwa maneno hayo tu.

Nilitia kiganja juu ya boneti. Ilikuwa moto kama sufuria. Na wiki ile ile nilikuwa nimewaandikia wanafunzi ubaoni kwamba dizeli haiwashwi kwa cheche, huwashwa na joto la hewa iliyobanwa; injini ikichakaa hewa inavuja, na kukiwa na baridi haiwaki. Niliandika kwa mkono huo huo uliogusa boneti. Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya ujinga. Nilitaka tu, mara moja katika uzee wangu, nirudi nyumbani nimenunua kitu bila fundi kunishika mkono kama mtoto. Nikalipa.

Jioni ulikuja ukiwa bado na kanzu. Ukauliza swali moja: "Uliiwasha ikiwa baridi?"

Nikasema ndiyo. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba ilishika mara moja.

Ukapiga makofi ukicheka. "Basi Prof, chukua mashine zangu za mpunga. Miye ntaenda kufundisha fizike."

Asubuhi yake gari lilikataa kuwaka. Liliguna, likakohoa moshi mweupe, likanyamaza. Ulifungua boneti, ukanitazama, ukaitazama injini, ukanitazama tena. Kisha ukaifunga. Mpaka leo sijui kama ulijua. Kama ulijua, ukanistahi mbele ya majirani, basi deni langu ni kubwa kuliko nilivyokuwa nikidhani.

Kule Bugarama liliwaka kwa kuguswa tu, joto la bondeni likilisaidia. Adui yetu alikuwa baridi ya asubuhi ya Gihundwe, na dawa yake uliitafuta wewe. Tukawa tunaliegesha hapa juu ya kijia, pua ikitazama chini, breki ya mkono imevutwa na jiwe kubwa mbele ya gurudumu, kwa kuwa breki peke yake hukuiamini. Asubuhi mimi naketi kwenye usukani, wewe unaondoa jiwe, unasogea pembeni, unapiga bati makofi mawili. "Achilia, Prof!" Naachilia, gari linateremka, natia gia ya pili, injini inashtuka na kuwaka, wewe unakimbia na kurukia ndani huku ukihema na kucheka. "Mashine ya Wajapani, inaamushwa na jiwe ya Rwanda!" Kila asubuhi mzaha ule ule, na kila asubuhi nilicheka, kwa sababu mtu mwenye hatia hucheka haraka.

Sasa ile siku.

Wiki ile mizinga ilikuwa ikilia Bukavu. Madirisha ya Gihundwe yalitetemeka. Askari walikuwa wamesema barabara ya Bugarama inaweza kufungwa wakati wowote, na shuleni walikuwako wanafunzi wa bweni bila mkubwa yeyote, kwa kuwa mkurugenzi wa shule alikwama Kigali. Nilitaka tupite kizuizi cha askari kabla hakijafungwa. Hilo ni kweli. Sikulitunga. Ila lilinipa haraka, halikunipa sababu.

Mvua ilikuwa imenyesha. Jiwe lilikuwa limezama kwenye tope. Ulipiga magoti mbele ya gurudumu ukilichokoa kwa chuma. Nilikuhimiza mara mbili, na wewe ukajibu bila kuinua kichwa: "Tulia, Prof. Hii jiwe imeshaolewa hapa, kuitoa inaomba wazee."

Kombora likaanguka ng'ambo. Karibu kuliko yote ya wiki ile. Nikaona jiwe linabingirika. Sikuona kama umesimama. Sikungoja makofi.

Niliachilia breki, Issa. Ni mkono wangu. Hakuna kilichokatika.

Gari lilikuchukua mpaka kwenye kona, kwenye ule ukuta wa mawe unaozuia udongo, likasimama hapo, wewe ukiwa katikati. Hukupiga kelele. Ulisema kama mtu anayemwelekeza dereva: "Prof, rudisha nyuma." Nikatia gia ya kurudi nyuma, nikazungusha ufunguo. Injini ikaguna. Moshi mweupe. "Rudisha nyuma, Prof." Nikazungusha. Nikazungusha tena. Ilikuwa baridi. Ilikuwa baridi kama ile asubuhi ya Jumamosi ambayo nilikataa kuingoja. Nilizungusha mpaka betri ikafa, na majirani walipofika wakalivuta lile gari kwa mikono, ulikuwa umeshanyamaza. Hospitali iko pale juu tu. Hukufika.

Nilisimama penye tope na watu wakiniuliza, "Ni nini, Prof? Ni nini?" Nikasikia kinywa changu kikisema: kamba ya breki ya mkono imekatika.

Jioni, kabla askari hajaja kuandika, niliingia chini ya gari na koleo nikaikata. Nilihesabu kwamba kamba haina mtoto wala mke, haitaumia. Sikufikiri mbele zaidi ya hapo. Mimi, mwalimu. Kwani kamba iliyokatika ina fundi wake. Siku ya mazishi nilimsikia kaka yako akisema kwa uchungu, "Alitengeneza mashine ya kila muntu, ya kwake akaiacha." Kule kwenye mashine za mpunga, kazi iliyofanywa ovyo wakaanza kuiita "fren ya Issa", yaani breki yako. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, kutoka kwa kijana ambaye hata hakukujua, akimcheka mwenzake aliyefunga kamba vibaya. Nilipita nikainamisha kichwa. Wewe uliyenikataza kuiamini breki ile hata siku moja.

Na kuna uongo wa pili. Mkeo aliponiuliza ulisema nini mwishoni, nilimwambia ulitamka shahada. Mimi Mkatoliki, nilikutilia mdomoni shahada. Nilimwona akishusha pumzi, mabega yakalegea, akasema alhamdulillahi, na tangu hapo sikuweza kuigusa.

Miaka sita imepita. Vita vya ng'ambo havijaisha, vimebadilisha majina tu. Binti yako Zaituni ameanza sekondari, mrefu, mbishi kama baba yake. Gari nilimpa mtu wa Nyakabuye. Injini aliitoa, sasa inasaga mihogo, na nasikia kila asubuhi wanaimwagia maji ya moto ndipo iamke. Mkeo hakuolewa tena. Nilipoanza kuugua, yeye ndiye aliyekuwa akiniletea uji. Kila mara alipouweka mezani niliona aibu, nikaunywa.

Kilichonivunja ni uchaguzi. Wameanzisha gacaca, Issa. Majirani wanaketi kwenye nyasi kusikiliza yaliyotendeka wakati wa mauaji, na watakaohukumu huchaguliwa na majirani wenyewe. Wanaitwa inyangamugayo, wale wanaochukia ubaya. Siku ya kuchagua sisi wa hapa, kila mtu aliogopa kutaja jina. Akasimama mkeo, Mama Zaituni. "Miye nataja Prof. Kama kuna muntu hapa anasemaka kweli hata ikimuumiza, ni yeye. Alikuwako wakati bwana yangu anakufa. Hakunificha kitu."

Mikono yote ikainuka. Nilisema naumwa. Wakasema watanisubiri nipone.

Nimekaa na hayo hadi leo. Nilijaribu kugawanya: nikiri breki, niiache shahada, maana inamfariji na haimdhuru mtu. Nilijaribu kumwachia padre peke yake. Lakini padre hana ndugu huko Bugarama wanaolicheka jina lako. Na mtu hawezi kukiri kwa kuchagua, kama anayenunua nyanya.

Leo asubuhi mkeo alipokuja nikamwomba aketi. Nikaanzia Ijumaa ile ya Kamembe, boneti, kiganja. Nikaenda mpaka koleo. Hakunikatiza. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya magoti. Nilipomaliza akaniuliza:

"Na ile shahada?"

Nikageuzia uso ukutani.

"Prof. Ile shahada."

"Sikuisikia," nikasema. "Ulichokisikia ni changu. Alisema, Prof, rudisha nyuma. Mara mbili. Basi."

"Myaka sita," akasema, "nalalia ile maneno."

Nilitaka kumwambia kwamba huenda uliitamka moyoni, kwamba Mungu hahitaji sauti. Nikajizuia. Hilo si langu kumpa. Nimekwisha kumpa vya kutosha visivyokuwa vyangu.

Alisimama, akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, akafika mlangoni. Nilidhani amekwenda. Akageuka, na sauti yake, Issa, sijapata kuisikia hivyo hata siku ya mazishi.

"Kesho saa kumi ntakuja na kaka yake, na bale ba kwenye mashine ya mpunga, na Zaituni. Utasema yote tena mbele yao, moya moya, hivi umesema kwangu. Habari ya kukusamehe, tutaona baadaye, ao hatutaona." Kisha akaninyooshea kidole. "Usikufe leo, Prof. Unanisikia? Usikufe leo."

Sasa ni jioni. Miguu imevimba zaidi, na pumzi naivuta kwa vipande. Nimemwomba binti wa dada yangu anayeniuguza aongeze mto wa nne na asiniache nisinzie nimeinama.

Kwaheri, fundi wangu. Sikuombi unipokee, sijui kama utataka kuniona. Nakuahidi jambo moja tu, lile ambalo mkeo ameniamuru. Sitakufa leo. Kesho saa kumi watanikuta hapa, macho wazi, na nitayasema yote.

Wako,
Prof