Nyumba Tatu za Baba

Baba yangu,

Tangu tukuzike pale Vwawa, kuna jambo moja linanivuruga kichwa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinichorea nyumba tatu kwa mkaa kwenye sakafu ya kuanikia kahawa? Mbele yake unaweka bomba la maji, nguzo ya umeme na mashine ya kusaga. Kila nyumba ipate njia yake kwenda kwenye kila kimoja cha vitu hivyo vitatu, na njia zisikatane. Nilifuta na kuchora mpaka magoti yakawa meusi. Kila mara njia ya tisa ilikwama.

"Jibu lipo, Neema," ulisema.

Chuoni mwalimu wetu alituthibitishia kwamba halipo. Krismasi ile nikarudi nyumbani na uthibitisho huo kwenye karatasi na, mbele ya baba mdogo Amoni na wageni, nikakuambia, "Baba, umenidanganya miaka yote."

Ulitazama karatasi yangu. "Kwenye karatasi, sawa," ukasema, ukatoka kwenda shambani. Sikukufuata. Masika yaliyofuata ukafariki.

Sasa nafundisha hesabu hapa Tunduma. Mwezi uliopita nilisoma kwamba fumbo hilo linashindikana kwenye kitu bapa tu. Kwenye umbo lenye tundu, kama donati au kikombe chenye mkono, linawezekana. Nikachukua kikombe na kalamu ya wino. Njia nane zilipita. Ya tisa nikaipandisha juu ya mkono wa kikombe, na ile iliyokuwa ikiizuia ikapita chini yake. Nikakaa chini, Baba, sijui kama nacheka au nalia.

Ulijua? Mbona basi hukunionyesha? Au ulisema vile kujisitiri tu mbele ya wageni? Nilimuuliza mama. Akajibu, "Baba yako alipenda tu ukae naye." Ndiyo kwanza nikazidi kuchanganyikiwa.

Jumamosi nilipanda kwenda Mbozi kwa baba mdogo Amoni, na kikombe changu. Alifuata njia zote tisa kwa kidole, polepole, akarudia tena.

"Kwa hiyo kaka hakukosea."

"Sijui kama alijua, baba mdogo."

"Sijakuuliza alichojua. Siku ile ulisema mbele yangu. Leo pia sema mbele yangu."

Nikasimama pale uani, nikasema kwa sauti, "Baba hakunidanganya."

Bado sijui ulijua nini. Ila neno langu nimelirudisha.

Pumzika, Baba.

Binti yako wa kwanza