Toeni Pamba Kwenye Spika ya Baba

Gerezani, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Kwa mdogo wangu Kabula,

Mhola? Najua utajibu "mhola duhu", salama tu, hapo hapo ulipokaa, hata kama paa linaungua, maana ndivyo tulivyolelewa. Mayu anaendeleaje na goti lake? Wanao wamepona surua? Mvua imewaachia pamba ya kuvuna, au imeozea shambani? Mimi ni mzima wa mwili. Chumba changu kinavuja upande wa mlangoni tu, na kazi ya kutengeneza redio ipo, ingawa siku hizi watu wanaleta makopo ya Dubai yanayokufa kabla hayajapata vumbi. Salamu ziishie hapo. Sasa nisikilize, maana nina hasira nawe mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Barua yako kondakta wa basi amenipa jana. Ukurasa mzima unasifia sanduku. "Kaka, ungeiona spika yako sasa! Fundi seremala ameitengenezea sanduku la mninga, kapiga vanishi, inang'aa kuliko zile za dukani." Ndani mmeshindilia pamba yetu wenyewe, tena nyeupe, ya daraja la kwanza, ili sauti isipotee. Juu umetandika kitambaa ulichofuma kwa mkono wako, kikaning'inia mpaka mbele. Halafu chini kabisa, palipobaki nafasi ya salamu, ukaandika kama mtu anayetaja bei ya nyanya: "Baba ameacha kutafsiri. Watu walikuwa hawamsikii. Mwenyewe anasema sauti yake imekwisha. Kipaza sauti tumempa kijana wa duka la vipuri. Tukimaliza kuvuna, Baba atahamia Zagayu kwa baba mdogo, akakae na ng'ombe."

Kabula, hivi ulisoma ulichoandika kabla ya kufunga bahasha?

Umesahau Baba alivyokuwa walipompunguza kazini? Mtu aliyekuwa mkalimani wa mahakama maisha yake yote, bibi wa Itilima analia Kisukuma huku, hakimu anasikia Kiswahili kilichonyooka kule. Siku wakamwambia asante, wakampa cheti. Akarudi nyumbani akakaa kwenye kigoda akiutazama ukuta. Mayu alikuwa ananong'ona jikoni, "Baba yenu ameniachia nyumba na bado yumo ndani." Hayo uliyasikia kwa masikio yako.

Kilichomrudisha ni deki yako ya video, hilo sikunyimi. Ulipopanga mabenchi sebuleni na kuanza kuonyesha video Jumamosi, wakaja watu wa sokoni, picha ya ngumi ikaanza, maneno ya Kichina hakuna anayeelewa hata moja. Baba akakohoa kule pembeni. "Huyu mzee mwenye ndevu," akasema, "anamuuliza kijana: ng'ombe za mahari ya dada yako umezipeleka wapi?" Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Tangu siku hiyo kila ugomvi kwenye picha zako ulikuwa ugomvi wa ng'ombe, na watu walitoka wakibishana njia nzima nani ana haki. Mimi nilikuwepo likizo ile. Nilimwona akijinyoa ndevu Jumamosi mchana, kama alivyokuwa akijinyoa siku za kesi.

Halafu ikaja ile homa ya mapafu, sauti ikabaki nyembamba. Haikufa, ilipungua nguvu tu. Jenereta linanguruma uani, spika zako kubwa mbili za Dubai zinapiga mateke na mapanga kulia na kushoto, mzee katikati anajikaza mpaka shingo inamtoka mishipa. Ukaniandikia, "Kaka, tufanyie maarifa." Nikafanya.

Nilitoa spika kwenye redio ya zamani ya mbao iliyotelekezwa hapa kibandani, ile aina yenye karatasi nyepesi inayotikiswa na pumzi tu. Nikachukua mbao za sanduku la majani ya chai, nikazigundisha mbili pamoja, nikakata tundu la duara, nikaikaza, nikaipa miguu. Niliilaza nyuma kidogo ili iwatazame usoni waliokaa kwenye mabenchi. Mgongo niliuacha wazi. SIKUSAHAU kuuziba, Kabula, niliuacha wazi kwa makusudi. Spika ile inapumua mbele na nyuma. Ukiiacha ipumue, maneno ya mtu yanatoka mepesi, unamsikia kama amekaa hapo hapo chini ya televisheni. Ukiifungia kwenye kisanduku, mtu anakuwa anaongea ndani ya mtungi. Ukishindilia na pamba mpaka inagusa ile karatasi, umemfunga mdomo kabisa.

Tena niliandika mgongoni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: USIZIBE HAPA. Unaniambia fundi alidhani ni maneno ya safari, ya makuli wa basi! Akayafunika kwa mninga na kupiga vanishi juu yake! Na wewe uliyesoma mpaka sekondari ulisimama pale ukamshikia misumari.

Unasema uliona aibu, kina mama wa jumuiya walicheka kwamba kaka yako wa Dar ametuma spika uchi. Waache wacheke. Tangu milango ya biashara ifunguliwe tumekuwa watu wa ajabu, kitu kisipong'aa tunakionea haya hata kama kinafanya kazi. Redio ya Baba, ile tuliyokua nayo, nyuma ilikuwa na nini? Kadibodi yenye matundu. Ulikuwa unachungulia taa zake humo ukasema ni watu wadogo wamewasha moto. Mbona hukuifumia kitambaa?

Na pamba! Hapo ndipo naona kweli ni damu moja. Mtu wa kwetu akiona uwazi, lazima aingize pamba. Mlipanda na miguu kukanyaga, kama gunia la mnadani? Ningecheka, wallahi ningecheka, kama isingekuwa Baba aliyekaa mbele ya kitu hicho akisema maneno yake, watu wakipiga kelele "hatusikii", naye akiamini ni yeye. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mmeua spika, mkamwacha mzee adhani imekufa sauti yake, na hakuna hata mmoja wenu aliyemwambia tofauti.

Sasa nikwambie ambalo sikukwambia. Spika ile niliijaribu hapa kwa ile kaseti Baba aliyorekodi kunisalimia baada ya kutoka hospitali. Sauti hiyo hiyo nyembamba. Niliunganisha, nikaiweka mbali kidogo na ukuta, nikaenda mlangoni kusikiliza. Mara Mama Mwajuma wa chumba cha pili akaja na sinia. Vikombe viwili vya chai na maandazi. "Nimesikia una mzee," akanong'ona, "mbona hukusema umepata mgeni?" Akavua kandambili mlangoni ili aingie kumwamkia.

Kaseti hiyo nimeifunga humu ndani ya kifurushi, ingawa inaniuma kuitoa. Fanya hivi, na usinijibu kwanza, fanya. Chukua bisibisi, fungua lile sanduku. Ukishindwa, livunje, mninga utakuwa kuni. Toa pamba yote, taratibu, usichane karatasi. Ondoa kitambaa chako, kitandike kwenye kochi. Irudishe spika kwenye miguu yake, mbele ya ukuta, isiuguse. Jumamosi, kabla watu hawajaja, mwite Baba akae pale anapokaa, umwekee kaseti. Usimweleze kitu. Yule ni mtu wa mahakama, ushahidi atausikia mwenyewe. Akimaliza kusikiliza, mpe kipaza sauti. Na kijana wa duka la vipuri arudi kuuza plagi zake.

Akishausikia ushahidi na bado akataka kwenda Zagayu, basi aende, ni mtu mzima. Lakini asiende kwa ajili ya gunia la pamba.

Mpe pole Mayu kwa goti lake, mwambie dawa ya kuchua inakuja na basi hili hili. Msalimie shemeji, mumeo, aliyenyamaza wakati wote huu kama kawaida yake. Wabusu watoto. Baba mdogo wa Zagayu mwambie ng'ombe zake atafute mchungaji mwingine. Hata fundi seremala msalimie, kazi yake ya vanishi naamini ni nzuri.

Baba sina salamu zake, zangu kwake ni hiyo kaseti. Nimebaki hapa bila kaseti, na Mama Mwajuma bado ananiuliza mgeni wangu atarudi lini. Nirekodieni nyingine, kutoka kwenye spika ile, mgongo wake ukiwa wazi.

Ni mimi kaka yako, hasira bado ninayo,

Masunga