Ushauri Niliokupa Juu ya Kombi

Avenue ya 14, Buyenzi,
Bujumbura.
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Moubarak,

Assalaam alaykum, wewe na nyumba yako yote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Liège imeshawaachia. Kile kikohozi chako cha Februari kimekwisha kabisa? Annick je, na mapacha? Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Mama mgongo unamsumbua asubuhi, lakini akishakunywa chai anaanza kutugombeza wote, basi tunajua amepona.

Barua inaletwa na Joëlla, mwenzake mke wangu Fadhila kazini, anayesafiri Alhamisi. Najua utacheka kwamba siku hizi bado kuna mtu anaandika kwenye karatasi. Lakini wewe ujumbe wa sauti unausikiliza simu ikiwa mezani, na nyumba nzima inasikia. Haya nataka uyasome peke yako kwanza. Na ule ujumbe wangu wa jana, wa kukuambia usiguse Kombi mpaka barua ifike, niliutuma nikiwa na akili zangu. Uliniuliza kama nina homa. Sina.

Habari za hapa ni za petroli. Haipatikani, na ikipatikana watu wamekwisha kuzeeka kwenye foleni. Gereji yangu imejaa magari ambayo hayana ugonjwa ila kiu. Wenye nayo wananiachia funguo, wanakwenda zao kwa miguu, nami nafuta vumbi.

Khadidja wa jirani ameolewa, kaenda kukaa Ngagara, Quartier ya 5. Arusi ilipendeza. Niliambiwa nitafute gari la kumbeba bibi arusi, nikapata, na njiani shangazi zake hawakuongea lingine ila Kombi yako. Wameiona kwenye simu ya Mama. Ya rangi ya chungwa na nyeupe, ya mwaka 1974, yenye kitanda, jiko na mapazia yaliyoshonwa na Annick. Hata siku ya arusi ya mtu, Moubarak, wewe uko mbali na unaongelewa wewe.

Basi niseme wazi, maana nimeshaanza: nakuonea wivu. Watu husema hasidi hana sababu. Waongo. Mimi sababu ninazo, na nitakutajia.

Mama amefanya picha ya Kombi yako kuwa ndiyo ya kwanza kwenye simu yake. Kila mgeni akiingia, kabla hajapewa kiti, anaonyeshwa. "Gari ya mutoto yangu hii, aliinunua kule Ulaya." Mimi ndiye mtoto wake. Wewe ni wa mdogo wake, Allah amrehemu. Mimi ndiye ninayemshika mkono kwenda naye hospitali kila mwezi, na kwenye simu hiyo picha yangu haimo hata moja.

Halafu kuna Mjomba Tajudini. Unakumbuka Kombi yake ya safari za Rumonge? Tuliiosha wote wawili, tukagombania nani akae mbele. Alitufundisha wote wawili, lakini wewe ulikuwa unafunga nati kinyume na kuogopa grisi kama paka aogopavyo maji. Mjomba alisema mbele ya watu kwamba mkono wa Kombi ameurithi Twalibu. Miaka ishirini na sita sasa mkono huo unalala chini ya magari ya watu, na mwenye mkono anarudi nyumbani kwa miguu. Aliyefunga nati kinyume ndiye mwenye Kombi. Mganga hajigangi, sawa, lakini hii imezidi.

Sasa tuje kwenye swali lako la mwezi uliopita. Ulitaka kuishusha, ikae chini kama ulivyoona kwenye mikutano ya wenye Kombi huko. Ukaniletea picha za vipuri, ukaniuliza kama ulivyovichagua vinafaa. Nilicheka peke yangu. Kazi yangu hapa ni kupandisha! Anakuja mtu wa Kanyosha na pikapu, barabara yao mvua imeichimba, anataka gari lipande shubiri nzima ili apitishe ndizi zake. Sijawahi kukutana na mtu anayetaka gari lake lisogeleane na mawe. Nikajiambia: huyu ana barabara laini mpaka anachezea urefu wa gari.

Lakini Kombi naijua. Vile vyuma viwili vipya vya kushika magurudumu ya mbele, vyenye ekseli iliyohamishiwa juu, ndivyo vilivyokuwa sahihi. Ukivifunga, mwili wa gari unashuka, na mabamba ya chuma yaliyolaliana ndani ya bomba za mbele yanabaki yote kubeba uzito. Nilijua hivyo pale pale nilipoiona picha.

Nikakujibu nini? Nikakwambia uachane navyo, ni mapambo ya wazungu. Nikakwambia utoe nusu ya yale mabamba ya mbele, nyuma ugeuze vile vyuma vya kujisokota vinavyoinua gari, meno manne mazima, na uache amortisseur, zile za kuzuia gari lisirukeruke, zile zile za zamani. Niliongea kwa sauti ya fundi mkuu, hata Fadhila aliyekuwa jikoni alisema leo nimeamka vizuri.

Ushauri huo ulikuwa mbaya, Moubarak, na haukuwa wa kukosea. Ukiwa peke yako ndani, gari lingekaa chini vizuri na kupigwa picha. Tatizo lingekuja siku mmejaa, wewe na Annick na watoto na mizigo. Mbele pangegonga chuma kwa chuma kwenye kila shimo, na ukikata kona tairi lingekula bodi. Nilitaka likuaibishe tu. Nilitaka lirudi gereji likichechemea, Mama afute ile picha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini mtu aliyefanya kazi hii miaka yote hiyo anajua usukani ukikataa kwenye kona hauishii kwenye aibu.

Ijumaa, tulipotoka msikitini, Mama akanipa simu nisikilize ujumbe wako, sauti juu, na Shehe Sulemani na watu wengine wamesimama pale. Ulikuwa unacheka. "Grand kaka, fundi wa huku alikataa. Ati gari itakuwa mubaya na watoto ndani. Mi nikamwambia apana, kaka yangu wa Buyenzi ndiye mukubwa wa Kombi, kile alisema ndicho tutafanya. Atafanya kwa samedi ya wiki mbili, halafu tunaenda mu vakansi." Nikahesabu: Jumamosi mbili tu, kisha likizo yenu.

Mama alinishika bega. "Umesikia? Wazungu wanaongea, na mutoto anakusikiliza we. Hata nikikufa leo, mi nimeshiba."

Watu wakanipongeza. Shehe Sulemani akanipa mkono. Nilipokea, nikasema asante. Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo mtu aseme maneno yale mbele ya watu. Umeyasema wewe, na umeyasema juu ya uongo wangu.

Na usinifanye mtu mwema. Nilikaa kimya Ijumaa yote na Jumamosi yote. Nilikuwa napenda zile pongezi. Jumapili nikaenda kwa Léonce, mzee mstaafu wa Ngagara mwenye Kombi iliyokufa uani kwake, nikaingia chini yake na tochi. Sikuwa na kitu cha kutengeneza. Nilitaka tu kuiangalia. Nililala pale nikaweka vidole kati ya tairi na bodi, nikawahesabu kichwani watu wa nyumba yako mmoja mmoja wakiingia na mizigo yao, mpaka vidole havikupita. Hapo ndipo nikakutumia ule ujumbe. Léonce aliniuliza kama nimepata nilichokuwa natafuta. Nilimwambia ndiyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Mabamba ya mbele yaache yote, usitoe hata moja. Funga vile vyuma vya ekseli ya juu ulivyovichagua mwenyewe, maana ulichagua vizuri, nashindwa kuamini lakini ndivyo. Nyuma geuza jino moja, basi, na weka amortisseur fupi, kwa sababu zile ndefu zitagota. Matairi yawe membamba kidogo, ule mpira wa breki usibane popote gurudumu likikatwa mpaka mwisho, na ukimaliza wanyooshe magurudumu kabla hujatoka barabarani. Kabla ya safari, ingieni wote na mizigo yote, umtume fundi aingize mkono kati ya tairi na bodi. Mkono ukipita, nendeni.

Usidhani nimepona. Ninaandika haya na wivu uko hapa hapa kifuani, umekaa kama mgeni asiyeaga. Nikiiona picha ya Kombi nitaumia tena. Lakini ni wangu, nitaubeba mwenyewe. Haufai kupanda gari na watoto wako.

Nakuomba jambo moja, nalo ni zito kwangu kuliko yote niliyoandika. Yule fundi wa Liège mwambie alisema kweli. Usimwambie kwamba kaka yako alikosea. Mwambie kaka yako alijua. Mama nitamwambia mwenyewe, na Shehe Sulemani pia, pale pale msikitini aliponipa mkono.

Nisalimie Annick, shemeji yangu, na umwombe radhi kwa niaba yangu kama utaona vema kumsomea. Wabusu mapacha. Binti yangu Mwanasiti na Fadhila wanakusalimu, na dada Concilie wa hapa jirani anauliza kila siku utakuja lini. Mwenyezi Mungu awafungulie njia, awaepushe na mabaya ya barabara na ya macho ya watu, yangu yakiwa ya kwanza.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na nikuoneaye wivu,

Twalibu