Rekoda ya Mzee Wekesa

Jumatatu, 2 Agosti 2004

Redio tatu kabla ya saa nne, zote ugonjwa mmoja: vumbi. Mwenye ya tatu amelalamika kwamba nimeipuliza tu. Nimemwambia kupuliza nako ni kazi, lazima ujue unapuliza wapi.

Saa sita ameingia mama kutoka Bungoma, Mama Naliaka, na mzigo uliofungwa kwa shuka. Rekoda ya zamani, ile ya magurudumu mawili ya kanda juu. Nzito ajabu. Sijagusa moja kama hiyo miaka ishirini.

Ni ya mumewe, Mzee Wekesa. Alipigwa na kiharusi mwaka jana. Yuko hai, anaelewa kila kitu, lakini ulimi umekataa. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na tatu, mjukuu wake anapewa maneno ya usia mbele ya watu, na kesho yake alfajiri ni kisu cha tohara. Kwao maneno hayo hutolewa na babu mwenyewe. Kwenye kanda kuna maneno aliyompa mwanawe wa kwanza, Simiyu, Agosti ya 1970. Simiyu ndiye baba wa huyu kijana. Wanataka kanda iseme badala ya mzee.

Nimekubali kabla hata ya kufungua kifuniko. Kiburi tu.

Jumanne, 3 Agosti

Nimefungua. Belti imeyeyuka, imekuwa lami. Gurudumu dogo la mpira linalobana kanda limekauka na kupasuka. Puli ya mota ina ufa. Vingine vyote vizima, safi kabisa. Mwenyewe alikuwa mtu wa kutunza vitu.

Belti naweza kukata kwa tyubu ya baiskeli. Hayo mengine mawili hayatengenezwi. Nimezunguka Kitale yote mpaka miguu ikaniuma. Kijana wa kuuza simu ameniangalia kwa huruma: "Mzee, hii si ni ya kupeleka museum bana? Si iko hapo tu."

Nilicheka naye. Ndani nilikuwa nimekasirika.

Alhamisi, 5 Agosti

Moi's Bridge. Nimeelekezwa kwa mwalimu mstaafu, bibi mmoja mkali, mwenye rekoda kama ile kwenye stoo ya mahindi. Nimefurahi kama mtoto. Kisha nikaiona. Kifuniko hakipo, ndani kuna nyasi, na juu ya nyasi kuna kuku amelalia mayai kumi na moja.

Mwalimu amekataa kuku asumbuliwe. Mayai yataanguliwa tarehe kumi na sita, nirudi siku hiyo. Nimemweleza habari ya Mzee Wekesa, ya kijana, ya kisu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi ingiza mkono pole pole. Lakini yeye akiinuka, wewe pia inuka uende."

Kwa saa moja na nusu nimepiga magoti na bisibisi chini ya kuku. Amenidonoa mara nyingi sana. Lakini hakuinuka. Gurudumu la mpira nimepata, bado laini, labda kwa joto lake. Puli nimepata.

Puli ni ya toleo lingine. Imezidi ile ya zamani kidogo, unene wa unywele. Itafanya.

Jumapili, 8 Agosti

Kanisani. Wairimu amenisukuma tena kwenye benchi kama gunia ili akae kushoto kwangu, upande wake. Kila Jumapili. Mke wangu akishazoea kitu, basi. Njiani ameniambia redio yangu ya nyumbani inasikika mpaka kwa jirani. Nimemwambia jirani ashukuru, anapata taarifa ya habari bure.

Jumatatu, 9 Agosti

Imezunguka! Saa nne na robo. Kwanza mvumo, kisha watu wengi, kisha mtu mmoja anaongea na wote wananyamaza. Kibukusu. Sielewi hata robo yake, lakini mtu akiongea kwa uzito unajua. Nyuma yake kuna kitu kinagonga gonga. Nimedhani ni zile kengele vijana wao hupiga mikononi wakizunguka kualika jamaa, lakini hazilii vizuri, ni kama vijiti. Kanda imechakaa upande wa sauti za juu. Haidhuru.

Nimepiga simu Bungoma. Nimejisikia fundi. Siku hizi si mara nyingi.

Jumanne, 10 Agosti

Siku mbaya.

Mama Naliaka amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini. Nimewasha. Amesikiliza labda dakika moja. Akatikisa kichwa.

"Fundi, huyu si yeye."

Nimemwambia ni yeye, miaka thelathini na nne iliyopita, sauti huzeeka kama mwili. Akasema, "Nimeishi na hii sauti miaka hamsini. Huyu ni mtu ingine. Huyu anaongea haraka kama mtu ya mnada. Mzee wangu haongei hivyo."

Nikamjibu vibaya. Nikamuuliza kama anataka kunifundisha kazi. Mtu amebeba mzigo mzito kutoka Bungoma ili mumewe asinyamazishwe mbele ya watu wake, na mimi namfokea. Aliinuka, akasema atarudi Alhamisi, akaacha rekoda mezani.

Nimefunga duka saa nane. Sikuweza kumwangalia mteja mwingine.

Jumatano, 11 Agosti

Ni puli. Nilijua tangu Moi's Bridge na nikajidanganya. Ikiwa kubwa, kanda inakimbia, na sauti inapanda. Kwa unywele mmoja nimemgeuza mzee dalali.

Itabidi nipunguze puli kwa msasa. Lakini kiasi gani? Nikipunguza mno, mzee ataburuta maneno kama mlevi, na puli nyingine hakuna. Kuku hana ya pili. Nahitaji kitu kilicholia siku ile ya 1970 na bado kinalia vile vile leo. Watu wamebadilika wote.

Nimepiga simu kuomba msamaha. Mama Naliaka ameupokea bila maneno mengi. Kisha nimemuuliza kengele zinazosikika kwenye kanda zilienda wapi. Akacheka kwa mara ya kwanza. Ni zile zile. Zimekaa darini tangu watoto wake wamalize, na sasa amezivaa mjukuu.

Alhamisi, 12 Agosti

Naandika polepole. Nataka kuandika ukweli.

Mama amekuja saa tatu na kengele kwenye kitambaa. Kijana ameachwa nyumbani mikono mitupu, amenuna, kwa sababu bado ana shangazi wawili wa kualika. Nimewasha kanda. Nikamwomba apige kengele karibu yangu, nilinganishe.

Akapiga. Vijiti.

Nilidhani hajapiga vizuri. Nikamwomba apige tena, kwa nguvu. Alikuwa upande wangu wa kulia, karibu kabisa, naona chuma kinagonga chuma, na mtu wa duka la mbele akachungulia kuona nani anatahiriwa. Mimi nasikia vijiti. Nikageuza kichwa. Kwa sikio la kushoto zikalia. Chuma safi, kali.

Kanda haijachakaa. Ni mimi.

Nimeogopa. Miaka thelathini na moja nakula kwa masikio haya. Redio ngapi nimewarudishia watu nikisema ziko sawa?

Mama Naliaka alikuwa ananitazama. Sikutaka kumwambia, nikamwambia. Hakunihurumia, Mungu ambariki. Alivuta kiti mpaka karibu na meza, akasema, "Basi wewe sugua, mimi nitasikia."

Tukafanya hivyo mpaka saa tisa. Nawasha mota, nagusisha msasa kwenye puli, nazima, narudisha belti, kanda inacheza, yeye anapiga kengele. Bado. Nagusisha tena. Bado. Stima ikapotea saa nzima, tukanywa chai. Ikarudi. Bado kidogo. Sasa kila mguso ungeweza kuwa umepita kiasi.

Akapiga kengele, akaacha mikono hewani.

"Hapo. Wacha. Usiguse tena."

Tukaacha kanda iendelee. Mzee akaanza kuongea. Mama Naliaka alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja magotini, akafunika uso nacho. Mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Ijumaa, 13 Agosti. Bungoma

Nimeibeba mwenyewe. Singeiacha kwa mtu mwingine.

Saa kumi boma limejaa. Mzee Wekesa ameletwa kwenye kiti, mkono wa kulia umelala pajani. Mrefu, macho makali. Kijana mbele yake. Wazee wawili walikuwa wananung'unika, ati tangu lini sanduku linampa mtu maneno. Nimewasha huku nikiomba.

Kelele zote zikakatika. Wale wawili wakavua kofia.

Kisha nikasikia kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria, mimi wala mama. Kanda inamwita Simiyu. Simiyu, Simiyu, kila baada ya maneno machache. Kijana anaitwa Barasa. Watu wakaanza kutazamana. Simiyu mwenyewe, nywele zimeanza mvi, amesimama nyuma ya mwanawe, ameinamisha kichwa kama anayeambiwa yeye upya.

Mzee akainua mkono wa kushoto. Kanda ikasema Simiyu, naye akamgusa mjukuu kifuani. Ikasema tena, akamgusa tena. Wewe. Wewe. Hakukosa hata mara moja. Midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na kanda bila sauti, mpaka neno la mwisho.

Nililia mbele ya watu nisiowajua. Sikuona haya.

Nilipokuwa nachomoa waya, mzee alinishika mkono kwa ule wake mzima, akaukaza. Mkono wangu bado ulikuwa na alama za kudonolewa, akaziangalia. Nimemweleza habari ya kuku. Alicheka. Kicheko hakikumkataa.

Jumapili, 15 Agosti

Jana nililala karibu siku nzima. Mama Naliaka amepiga simu: kijana amesimama imara, hakupepesa jicho.

Leo kanisani Wairimu amenisukuma kwenye benchi kama kawaida. Wakati wa matangazo nimemwambia. Kwamba sikio la kulia limekwisha. Kwamba sijui ni tangu lini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali.

Ameendelea kutafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

"Ni mwaka wa tatu," akasema, kwenye sikio langu la kushoto. "Unafikiri mimi hukaa huku kwa nini?"