Ndoo Chini ya Bomba

Kawetele, 9 Juni

Mwanangu Sekela,

Huku mvua haijatuacha, lakini ndizi zimekubali. Hita ya maji uliyotutumia ilifika salama. Fundi Bushiri alikataa kuiweka kabla ya kupima maji. Alitega ndoo ya lita ishirini chini ya bomba la bafuni, akatazama saa: dakika saba. Akasema kwa presha hiyo hita haitawaka. Tukafuata bomba hadi kwenye mita, akakuta koki imefungwa karibu yote. Alipoifungua, ndoo ilijaa kwa dakika mbili. Akaahidi kurudi kesho yake na vifaa.

Sikumwambia kuwa koki niliifunga mimi. Alipoondoka nikaifunga tena, nikampigia simu asije. Mama yako siku hizi anafungua bomba na kwenda zake. Mara mbili nimekuta jikoni kumejaa maji. Yakiwa ya moto, itakuwaje?

Kwa hiyo bado namchemshia kwa kuni. Jana nilipomaliza kumwogesha alinishukuru kwa adabu, "Ndaga fijo," kisha akaniuliza, "Kwenu ni wapi?"

Usingoje Krismasi, mwanangu.

Baba yako,
Ackson