Uzito wa Nyasi Mbichi

Jumatatu, 3 Agosti

Bonde limefungwa. Tangazo limebandikwa hapa kituoni getini, na jingine kule njia panda. Mifugo yote itoke ndani ya siku kumi. Aya ya pili ni mimi: "Mtafiti wa malisho amethibitisha kuwa nyasi zimepungua kwa nusu katika miaka sita." Nyati na pundamilia hawana cha kula, ng'ombe wamemaliza. Nimethibitisha. Sahihi yangu ipo.

Kaka alipiga simu saa saba. Ng'ombe wake arobaini na mmoja wako humo bondeni, na nje ya bonde ni vumbi tupu mwaka huu. Nilijua atagomba. Hakugomba. "Ee, profesa wa majani, ndio umetufukuza?" Nikamwambia sio mimi kaka, ni sayansi. Akacheka. Akasema haya, nimsalimie huyo sayansi.



Jumanne, 4 Agosti

Natamani nisingefungua lile sanduku la shajara.

Mkuu wa kituo anataka grafu kubwa ya ukutani, wageni wa wizara wanakuja. Nyasi za mwaka wa kwanza, nyasi za mwaka huu, na mvua juu yake. Tarehe ya mvua kukatika mwaka ule sikuipata kwenye daftari la kazi. Nikasema labda nimeiandika kwenye shajara zangu za zamani. Nikaivuta ya mwaka ule. Nikakuta hivi, kwa mwandiko wangu:

"Umeme siku ya nne hakuna. Oveni imekufa. Nimepima nyasi hivyo hivyo mbichi, angalau niwe na kitu. Umeme ukirudi nikaushe, nirudie."

Ukurasa unaofuata ni simu ya kwamba mama amefariki.

Sikurudia! Nilikaa nyumbani wiki tatu. Niliporudi mifuko ilikuwa imeshapelekwa stoo, namba zimeshaingia kwenye kompyuta chini ya "uzito mkavu". Kila mwaka baada ya hapo tulikausha vizuri, tukapima vizuri. Ule wa kwanza tu ndio una maji ndani yake.

Kwa hiyo miaka sita nimekuwa nikilinganisha nyasi na maji, na nyasi. Halafu nikashangaa zimepungua.

Alhamisi, 6 Agosti

Jana sikwenda kazini. Nimesema tumbo.

Leo nimeomba ufunguo wa stoo kwa fundi wa maabara — huyu tunayemwita Mizani, maana hata chumvi ya mezani anaikadiria kwa gramu. Akauliza natafuta nini. Nikasema mifuko ya mwaka wa kwanza. Akasema hiyo si imeliwa na mchwa?

Haijaliwa yote. Mifuko arobaini ya karatasi tuliijaza mwaka ule, kila mmoja nyasi za mita moja ya mraba, tulizikata kwa mkasi tukipiga magoti ndani ya fremu ya chuma. Kumi na sita bado mizima. Lebo zinasomeka. Nimekaa sakafuni kwenye vumbi nikaikumbatia kama mjinga. Mizani alisimama mlangoni. Baadaye tukaipanga pamoja ndani ya oveni. Siku mbili, nyuzi sitini.

Naomba niwe nimekosea. Yaani, naomba kosa liwe dogo.

Jumamosi, 8 Agosti

Sio dogo.

Mfuko wa tatu: tuliandika gramu 220, leo 121. Wa tisa: 198, leo 110. Yote kumi na sita ni hivyo hivyo, karibu nusu ilikuwa maji. Mizani alikuwa anasoma, mimi naandika. Tulipofika wa kumi na moja akaacha kusoma kwa sauti, akawa ananigeuzia tu kioo cha mizani nione mwenyewe.

Wastani wa kweli wa mwaka wa kwanza ni 117. Mwaka huu 104. Hiyo ndiyo tofauti. Mwaka mmoja wa mvua nzuri unaifuta.

Nusu ya bonde haikupotea. Haikuwahi kuwepo.

Mizani akauliza, "Sasa dada, utafanyaje?" Nikamwambia Jumatatu naenda kwa mkuu. Akasema atanisindikiza. Halafu akafikiri kidogo, akasema ana watoto watatu shuleni. Nikamwambia abaki.

Jumatatu, 10 Agosti

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Huo ndio ubaya wake, ni mtu mstaarabu. Akaangalia jedwali, akavua miwani.

"Mifuko kumi na sita kati ya arobaini."

Ndiyo.

"Imekaa stoo miaka sita, na mchwa."

Ndiyo. Lakini mifuko iliyotobolewa sikuipima.

"Na kaka yako ana ng'ombe wangapi bondeni?"

Arobaini na mmoja. Akasema yeye ananiamini, yeye binafsi. Ila nitakapotoka nje ya ofisi hii kila mtu atauliza swali hilo kwanza. Na ripoti imeshafika juu, imeshasomwa, imeshapigiwa makofi. Akasema pia, hata kama namba ni mbaya, si kweli kwamba wanyama wamekonda? Wamekonda, nikamwambia. Ni ukame. Ng'ombe nao wamekonda.

"Basi uamuzi unaweza kuwa sahihi kwa sababu isiyo sahihi," akasema. Akanipa maji ya kunywa.

Jumanne, 11 Agosti

Wifi kapiga, sio kaka. Wametangulia kutoa ng'ombe kumi na wawili kabla ya siku kuisha, wajaribu upande wa mto mkavu. Saba wamelala chini. Hawajafa, wamelala tu, hawataki kuinuka. Kaka anakaa nao kutwa nzima anawawekea kivuli kwa blanketi! Wifi hakunilaumu. Aliuliza: "Wewe si unajua nyasi, tuwapeleke wapi?"

Miaka sita nasoma nyasi. Sikuwa na pa kumtajia.

Sikumwambia kuhusu kosa langu. Nikamwambia pole wifi.

Jumatano, 12 Agosti

Nimeandika barua wizarani. Kurasa mbili, namba zote, picha za lebo, na sentensi hii: "Kosa ni langu." Nimeituma saa nne na dakika kumi. Mizani kaja mwenyewe, kaweka sahihi chini ya yangu, kaondoka bila hata kukaa. Nililia kidogo. Nafuu ya saa mbili hivi, kama dawa ya kichwa.

Alhamisi, 13 Agosti

Jibu limekuja upesi. "Barua yako imepokelewa. Suala litajadiliwa katika kikao kijacho cha robo mwaka." Yaani Oktoba.

Operesheni ya kuondoa mifugo ni kesho.

Nilitaka kwenda kwa kaka leo, nimwambie uso kwa uso. Nikamwambia wifi gari bovu. Gari ni zima.

Ijumaa, 14 Agosti

Naandika juu ya goti. Tuko mdomoni mwa bonde, magari matatu. Askari wa wanyamapori wamekaa kivulini, wanasubiri. Mkuu alinikuta asubuhi kwenye korido, akasema na mimi niwepo kuonyesha mpaka. Nilikataa. Akasema nisipokuwepo itafanywa na watu wasiojua mpaka wala kaka yangu. Nikapanda.

Kutoka hapa nyasi zinaonekana. Fupi, kijivu, lakini zimesimama. Pundamilia wachache kule mbali, na ng'ombe karibu nao, wanakula pamoja wala hawagombani.

Sasa wafugaji wanakuja na ng'ombe wao. Vumbi kwanza, halafu kengele. Ng'ombe ni wachache kuliko nilivyotarajia. Kaka yuko mbele, blanketi begani. Amekonda!

Askari wamesimama. Mkuu amenikabidhi kipaza sauti dirishani. "Sema wewe," anasema kwa upole, "watakusikiliza wewe."

Kaka ameniona. Ameinua fimbo, anawaambia wenzake kitu huku ananionyesha, na wote wanaanza kuharakisha — anacheka, anadhani nimekuja kuwafungulia bonde.