Safari Hii Pochi Kashika Mama Sakina

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako naijua, huja na maswali nyuma, kwa hiyo nakujibu kabisa: ndiyo, nakula, hapana, sijaolewa, na yule jogoo wako tulimla siku ya arobaini yako. Usikasirike, alikuwa mkorofi.

Shoga yako wa Kihindi, Mama Sakina, bado anakulilia. Mteja akiingia dukani kwake kuuliza bei ya kitambaa, anasimuliwa wewe kwanza. Juzi mmoja alitoka na machozi bila kununua kitu.

Siachi kuiwaza ile siku ya kliniki. Mlikuwa mnahema wote wawili kwenye ngazi za duka lake, mnasimama katikati mkisingizia mnaongea. Mkaamua kwenda kupima moyo pamoja, mmejipamba utadhani mnakwenda kwenye sendofu ya bibi harusi. Mama Sakina akaenda msalani, akakuachia pochi. Nesi, mweusi kama sisi, akakuona umeshika pochi ya Mhindi, akakwambia, "Dada wa kazi, kasubiri nje, bosi wako ataitwa." Na wewe, mwalimu uliyechapa nusu ya Chang'ombe, ukasema, "Haya mwanangu," ukatoka! Ulitusimulia huku unacheka mpaka ukapaliwa.

Daktari alikaa na Mama Sakina weee, akamwandikia kipimo cha eko, ile picha ya moyo, ikaonekana mlango mmoja wa moyo wake umebana. Ilipofika zamu yako akakuuliza unajisikiaje bila kuinua macho. Ukajibu ulivyolelewa Bukoba: "Sijambo baba, namshukuru Mungu." Lakini ukaongeza kwamba unachoka, na ukilala chali pumzi inakata. Uliyasema, Mama. Akakuandikia vidonge vya presha na kukwambia upunguze ugali. Ugali! Mhaya wa watu, unayekula ndizi asubuhi na jioni!

Mwenzio akabadilishiwa huo mlango, akawekewa valvu mpya, sasa anapanda ngazi anaimba. Wewe ukameza vidonge vyote kwa utiifu. Ulipozidiwa ndipo wakakupima eko, wakakuta mlango uleule umebana, ila tukawa tumeshachelewa. Ugonjwa mmoja, daktari mmoja, siku moja. Mlitofautiana rangi tu. Nina hasira, Mama, hata nikicheka ninayo.

Sasa usishtuke. Mwezi uliopita na mie nikaanza kusimama katikati ya ngazi zilezile, nikasingizia napokea simu. Mama Sakina akaniangalia, akafunga duka saa nne asubuhi, kitu ambacho hakukifanya hata Sakina alipoolewa. Njiani akanionya: "Ukisema sijambo, nakufinya."

Kliniki ileile, nesi yuleyule. Akamchangamkia mwenzangu: "Karibu mama, mgonjwa ni wewe?" Mama Sakina akaikumbatia pochi yangu, ile iliyokatika mkanda nikaifunga kamba ya kiatu, akasema foleni nzima ikasikia: "Mgonjwa ni huyu. Mie dada yake wa kazi, nimeshika pochi." Nesi akakosa pa kuangalia.

Daktari naye yuleyule. Akaniuliza najisikiaje, macho kwenye karatasi. Mdomo ukaanza wenyewe, "Sija..." Nikafinywa! Alama bado ninayo. Basi nikasema yote: kuhema, miguu kuvimba, mito mitatu ninayolalia. Mama Sakina akagoma kutoka hadi eko iandikwe, akakaa pale na pochi mapajani. Ikaandikwa. Mlango umebana, Mama, lakini tumewahi. Nafanyiwa upasuaji wiki ijayo.

Naogopa sana. Ningekuwa na wewe ungeniambia niache kudeka, halafu ungelia jikoni.

Nakuahidi nikizinduka wakaniuliza hali, nitawaambia kila panapouma mpaka wanichoke. Tena usinitandikie kitanda huko, siji sasa hivi.

Pumzika, Mama yangu. Na huko uliko wakikuuliza unajisikiaje, safari hii usiwaonee haya, waambie.

Mwanao,
Koku